Rikazi au mali ya watu? Somo kutoka mahame ya Mwamanyili

 

Ndugu msomaji, makala ya leo ni somo la fiqhi, na wakati huo huo ni masahihisho ya kosa langu mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika sekondari hapa Mwanza. Mwalimu huulizwa maswali darasani, msikitini, sokoni na hata kwenye daladala. Wakati mwingine hujibu haraka kwa sababu anaona aibu kusema ngoja kwanza nikatazame vitabu. Hilo ndilo lililonipata kiangazi kilichopita.

Swali lililokuja kwa simu

Kijana mmoja niliyemfundisha miaka ya nyuma, sasa ni mfanyabiashara wa simu mjini, alinipigia usiku. Yeye na wenzake wawili walikuwa wamechangishana fedha wakanunua mashine ya kutambua metali ardhini, ile ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Kanda ya Ziwa huiita detekta. Walikuwa wamesikia kuwa kule Mwamanyili, wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, kuna mahame ya zamani ambako watoto wanaochunga ng'ombe huokota senti zenye tundu baada ya mvua.

Swali lake lilikuwa fupi: “Ustadhi, tukipata mali pale, khumsi tunampa nani?”

Nilifurahi kuona kijana anaifikiria haki ya Allah kabla hajashika jembe. Nikakumbuka hadithi aliyoipokea Abu Huraira (r.a), iliyomo katika Bukhari na Muslim, kuwa katika rikazi, yaani hazina iliyozikwa, mna haki ya moja ya tano. Nikakumbuka pia riwaya ya Amr bin Shuaib iliyomo katika Abu Daud, ambayo ndani yake Mtume (s.a.w) aliulizwa juu ya kinachookotwa. Akatofautisha kati ya njia inayopitwa au kijiji chenye watu, ambako kilichookotwa hutangazwa mwaka mzima, na mahame yasiyo na watu, ambako hutolewa moja ya tano. Nikamjibu: “Hayo ni mahame. Toeni khumsi muwape wanaostahiki zaka, nne zinazobaki ni halali yenu.”

Jibu langu halikuzidi dakika mbili. Na kwa kuwa mama yangu mzazi anatoka upande huo, nilikubali hata kufuatana nao Jumamosi.

Kwa nini watu wanachimba

Kabla ya kuendelea ni vyema tufahamu ndoto hii inatoka wapi, maana si ya vijana wale watatu tu. Karibu kila mkoa wa Tanzania Bara una hadithi ya mali ya Mjerumani iliyofukiwa chini ya mti, kwenye daraja au kwenye ngome.

Ndani ya hadithi hizo mna chembe ya ukweli. Katika Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Uingereza ziliifunga pwani na fedha kutoka Ujerumani zikawa haziingii. Wajerumani wakafungua kiwanda cha muda cha sarafu mjini Tabora. Mwaka 1916 wakatengeneza pale heller za shaba nyeupe na nyekundu, na pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke, Iramba. Sarafu hizo za dhahabu zilizidi kidogo 16,000, na Septemba mwaka huo huo Wabelgiji waliitwaa Tabora. Basi kila anayesikia habari ya tembo wa Tabora hudhani kuwa sarafu zote hizo ziko chini ya mbuyu wa kijijini kwao.

Ukweli ni kuwa mwananchi wa kawaida wa Usukuma hakuwahi kuishika dhahabu ile. Alichoshika ni rupia ya fedha ya kulipia kodi ya nyumba, heller zenye tundu, na baadaye shilingi na senti za Mwingereza alizopata kwa kuuza pamba. Benki ilikuwa mbali. Benki ya mkulima ilikuwa mkebe na shimo.

Mashine inajua nini?

Mashine yenyewe si uchawi. Mwisho wa mpini wake kuna sahani ya duara yenye waya ulioviringwa ndani. Umeme unapopita katika waya ule hutoka nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Ikikutana na metali, metali nayo huamka kwa umeme mdogo na kurudisha nguvu yake juu, na mashine hulia masikioni mwa mwenye kuishika. Sarafu moja huweza kusikika ikiwa kina cha shubiri moja au kidogo zaidi, na kitu kikubwa huweza kusikika chini zaidi. Lakini msumari nao hulia, kizibo cha soda hulia, na jiwe lenye chuma hulia.

Hapa niwatahadharishe wasomaji juu ya vifaa vingine vinavyouzwa kwa mamilioni, vijiti vya antena ambavyo muuzaji hudai vinaonesha dhahabu iliyo umbali wa kilomita. Hivyo ni utapeli. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga miaka 10 mfanyabiashara James McCormick kwa kuyauzia majeshi na serikali za nchi kadhaa, Iraq ikiwemo, vifaa vilivyodaiwa kugundua mabomu. Asili yake ilikuwa kifaa cha mchezo cha kutafutia mipira ya gofu. Ikiwa majeshi yametapeliwa, muuza simu wa Mwanza atasalimika vipi? Na mbaya kuliko hivyo vijiti ni mpiga ramli anayedai mali inalindwa na majini na inataka damu. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua ramli za kutafuta utajiri zilivyowaua ndugu zetu wenye ualbino. Mtume (s.a.w) ametufundisha kuwa anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala zake za siku arobaini hazikubaliwi. Hilo halina mjadala.

Tulichokikuta Mwamanyili

Tulishuka barabara kuu iendayo Musoma, tukatembea kama saa moja kati ya mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa. Mtu wa mjini hawezi kuliona hame, ataona pori tu. Lakini mwenyeji hulitambua kwa mistari ya minyaa, maana Wasukuma walizungushia miji yao ua wa minyaa, na mti ule hubaki hata nyumba ikianguka. Ndani ya ua kulikuwa na mawe mawili ya kusagia, mkwaju mkubwa, na majivu ya kijivu mahali palipokuwa na zizi. Wenyeji huyaita matongo.

Watu wa pale hawakufa kwa tauni wala hawakukimbia vita. Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kuwa kuishi katika vijiji sasa ni amri, na ikatakiwa nchi nzima iwe imekamilisha kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilipita mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Wakati huo Mwamanyili ilikuwa upande wa Mwanza, kabla ya mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012 na makao yake makuu kuwa Bariadi. Wasukuma, waliozoea kila mji kuwa peke yake na ng'ombe wake, walihamishwa wakapangwa kwa mistari. Wengine walipewa muda wa kubeba vitanda na nafaka tu.

Vijana walianza kupitisha mashine. Ndani ya saa mbili walipata jembe lililoliwa na kutu, bangili ya shaba, kipande cha sufuria, na senti kumi nne zenye tundu. Kisha, karibu na jiwe la kusagia, mashine ililia kwa nguvu. Wakachimba kama dhiraa moja. Ukatoka mkebe uliooza, na ndani yake shilingi za zamani zenye simba na milima, zimeshikana kwa kutu. Tulihesabu 43. Kijana wangu akapiga takbira.

Ndipo alipofika bibi mmoja mwenye fimbo, na nyuma yake mtoto aliyekimbia kumwita. Tukamwamkia, naye akaitikia kwa upole. Hakuuliza sisi ni nani. Alilitazama shimo, akalitazama jiwe la kusagia, akasema, “Hapo alikuwa anakaa mama.”

Kisha akatuonesha kwa fimbo yake: hapa ghala, hapa jiko, hapa zizi. Akauelekeza mkwaju akasema pale asichimbe mtu, ndipo alipolazwa mdogo wake aliyekufa kwa surua. Vijana wakatazamana, maana walikuwa wamepanga kumalizia pale pale mkwajuni.

Nilimwonesha mkebe. Akakaa chini, akaushika kwa mikono miwili, hakusema kitu kwa muda mrefu. Baadaye akatueleza. Baba yake aliuza pamba na kuweka fedha ndani ya mkebe. Siku moja, yeye akiwa bado msichana, mkebe ule haukuonekana. Mzee akamtuhumu mwanawe wa kwanza kuwa ameiba ili akaoe. Kijana aliapa, hakusadikiwa. Akaondoka kwenda machimboni, na hadi leo hakurudi. Mzee alikufa akiamini ana mtoto mwizi.

“Kumbe mama ndiye aliyeuhamisha,” bibi alisema. “Kaka hakuiba.”

Ndugu msomaji, nilitamani ardhi ile inimeze. Kwa jibu langu la dakika mbili nilikuwa nimewahalalishia vijana wale wagawane ushahidi pekee wa kumsafisha mtu aliyedhulumiwa.

Rikazi ni nini hasa?

Niliporudi mjini nilifungua vitabu ambavyo nilipaswa kuvifungua kabla. Nimeona niyaeleze hapa ili asipotee mwingine.

Wanazuoni wa Kishafi, ambao ndio tunaowafuata wengi Afrika Mashariki, wameweka wazi katika vitabu kama Minhaji ya Imamu Nawawi kuwa rikazi ni hazina ya watu wa zama za Jahiliya, yaani watu wa kale ambao hakuna tena anayeweza kusimama kudai kwa haki yao. Hiyo hutolewa khumsi mara ipatikanapo bila kungoja mwaka, ikiwa ni dhahabu au fedha iliyofikia nisabu, yaani gramu 85 za dhahabu au 595 za fedha. Imamu Abu Hanifa ameipanua hukumu hiyo hadi kwenye madini, lakini naye hakuhalalisha mali ya mtu anayejulikana.

Ama ikiwa mali ni ya zama za Kiislamu na mwenyewe anajulikana, ni yake. Asipojulikana, ni luqata, kitu kilichookotwa, na hukumu yake ni ile aliyoipokea Zaid bin Khalid (r.a): utambue chombo chake na kamba yake, utangaze mwaka mmoja, na mwenyewe akija umpe. Na ikiwa haijulikani ni ya zama zipi, basi nayo pia ni luqata. Shaka haimpi mchimbaji mali, bali inampa kazi ya kutangaza.

Wanazuoni wakaongeza jambo ambalo kama ningelikumbuka usiku ule lingenitosha. Hazina ikipatikana katika ardhi yenye mwenyewe, ni ya mwenye ardhi akidai kuwa ni yake. Akikana, huulizwa aliyemwachia, kisha aliyemwachia huyo, hadi afikiwe mtu wa kwanza aliyeihuisha ardhi ile. Sasa nani aliyeihuisha ardhi ile ya Mwamanyili? Ni mzee aliyefyeka pori, akapanda minyaa na kujenga zizi. Na binti yake alikuwa amesimama mbele yetu!

Basi mahame yaliyotajwa katika ile riwaya ni magofu ya watu waliopita wasiojulikana. Hame la mwaka 1974 halimo. Wenyewe wako ng'ambo ya barabara, wanalima na kupiga kura.

Isitoshe, tusidanganywe na maandishi ya sarafu. Pesa za shaba za Sayyid Barghash wa Zanzibar za mwaka 1299 Hijria zina maandishi ya Kiarabu, na hizo kweli ni za dola ya Kiislamu. Lakini pesa za Kampuni ya Wajerumani za kuanzia mwaka 1890 nazo zina maandishi ya Kiarabu, na yanachotaja ni shirika la Ujerumani! Herufi za Kiarabu peke yake hazimtaji mwenye mali.

“Lakini hawakuwa Waislamu”

Mmoja wa vijana wale aliniuliza kwa unong'ono tulipokuwa tunaondoka: “Ustadhi, si hawa walikuwa makafiri? Basi si ndiyo Jahiliya yenyewe?”

Swali hili ni la hatari, na nalijibu hadharani kwa sababu najua wanaolifikiria ni wengi kuliko wanaolisema. Jahiliya katika mlango huu wa fiqhi ni zama za watu waliokwisha kupita. Haimaanishi jirani yako asiyeswali. Jirani unayeishi naye kwa amani, chini ya nchi moja, unauziana naye na kuzikana naye, mali yake ina heshima kamili.

Tumtazame Mtume wetu (s.a.w). Makureshi walipopanga kumuua, nyumbani kwake mlikuwa na amana zao. Hakuzichukua kuwa fidia ya mali walizowapora Waislamu. Alimwacha Ali (r.a) nyuma, katika hatari, ili amrudishie kila mtu chake. Ikiwa hiyo ndiyo hali ya waliotaka kumwaga damu yake, vipi bibi aliyetukaribisha kwa maji ya mtungi?

Mtungi wa dhahabu na ukuta wa mayatima

Katika Bukhari na Muslim, Abu Huraira (r.a) amepokea kisa cha mtu aliyenunua ardhi, akakuta ndani yake mtungi wa dhahabu. Akamrudishia aliyemuuzia, akimwambia kuwa yeye alinunua ardhi na dhahabu hakuinunua. Muuzaji naye akaikataa, akisema ameuza ardhi pamoja na vilivyomo. Kila mmoja alisukuma mtungi kwa mwenzake! Wakaenda kwa hakimu, akauliza kama wana watoto. Mmoja alikuwa na mvulana na mwingine msichana. Akaamua watoto waozeshwe, mali itumike kwao na nyingine itolewe sadaka.

Na katika Suratul Kahf (18:77-82) tunasoma habari ya ukuta uliotaka kuanguka katika mji ambao wenyeji waliwanyima Musa (a.s) na mwenzake chakula. Chini yake mlikuwa na hazina ya mayatima wawili ambao baba yao alikuwa mwema. Mja yule mwema aliijua hazina ilipo kwa elimu aliyopewa na Allah, wala hakuhitaji mashine. Pamoja na kujua, na pamoja na njaa, hakuichimbua. Aliujenga ukuta ili hazina ibaki salama hadi mayatima wakue.

Hebu tuzingatie. Mashine hujibu swali moja tu: iko wapi? Dini huanza na swali jingine: ni ya nani? Mwenye kujibu la kwanza akaruka la pili, huyo ni mporaji hata akitoa khumsi. Moja ya tano ya mali ya dhulma haisafishi nne zilizobaki.

Nasaha kwa wenye mashine

Kwanza, ulizeni kabla ya kuchimba. Nendeni kwa serikali ya kijiji, maana ardhi ya kijiji ina wasimamizi kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na nendeni kwa wazee. Kila tongo lina jina la mtu.

Pili, fahamuni sheria ya nchi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, inataka kibali kwa anayechimba kuvitafuta, na inamtaka aliyevigundua atoe taarifa. Kutimiza ahadi na kutii sheria isiyopingana na dini ni katika Uislamu.

Tatu, yaepukeni makaburi. Wazee wetu wengi walizikwa nyumbani, na si kila kaburi lina alama. Katika Abu Daud, Bibi Aisha (r.a) amepokea kuwa kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja akiwa hai. Asiyeswaliwa naye ni maiti.

Nne, msitegemee utajiri. Shilingi zile 43 zilikoma kuwa fedha ya matumizi zaidi ya nusu karne iliyopita, baada ya Tanzania kuanza kutoa shilingi yake mwaka 1966. Zile zilizotengenezwa hadi mwaka 1946 zina robo tu ya madini ya fedha, na za baadaye hazina kabisa. Wale vijana walitumia zaidi kwenye nauli na chakula.

Tano, na hili ni kwetu sisi walimu: tusione haya kusema sijui, nipe siku mbili.

Mkebe ulibaki kwa bibi. Vijana waliyafukia mashimo yote, na yule aliyenipigia simu alimwomba radhi akiwa amepiga magoti, kama mjukuu kwa bibi yake. Mwezi uliofuata alinipigia tena. Safari hii hakuuliza habari ya khumsi. Alikuwa ameanza kuulizia katika machimbo ya Geita kama kuna anayemkumbuka mzee mmoja wa Mwamanyili aliyefika huko zamani, au watoto wake. Anasema anataka wajue kuwa baba yao hakuiba.

Huko ndiko kutangaza luqata. Tunamuomba Allah (s.w) atukinaishe na halali yake, na atuepushe na fatwa za haraka. Wallahu a'lam.